Mzazi karuhusiwa bila homa: nani wa kutembelewa kwanza?

Mhudumu_Kayole
Hamjambo. Swali kwa wakunga na matabibu. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuwa na wazazi saba, yaani akina mama waliojifungua karibuni, wa kufuatilia kwa wiki moja, wengine Kayole, wengine Njiru, na wote wametoka hospitali bila homa. Nikishika kijitabu cha mama na mtoto na karatasi ya kuruhusiwa, nitamjuaje aliye karibu zaidi kupata maambukizi ya kizazi ili nianze kwake? La pili: ni kweli kila mzazi anafaa kwenda nyumbani na amoksilini ya kujikinga?

Mkunga_Mstaafu
Tazama kwanza alivyojifungua. Aliyepasuliwa huwa na hatari mara 5 hadi 20 kuliko aliyesukuma mwenyewe, kwa hivyo huyo ni wa kwanza bila mjadala. Lakini waliopasuliwa nao hawalingani. Yule aliyepangiwa siku, akaingia thieta chupa (mfuko wa maji ya mtoto) ikiwa nzima na uchungu haujaanza, si sawa na aliyeumwa usiku kucha ndipo akapelekwa. Huyu wa pili, viini vya ukeni vilishapata muda wa kupanda hadi kwenye mfuko wa uzazi, kisha kisu kikapita palepale.

Kwa aliyesukuma, mengi hayaandikwi kijitabuni, na chati ya uchungu hubaki hospitali. Muulize mwenyewe:

Chupa ilipasuka saa ngapi, na mtoto akatoka saa ngapi? Hesabu. Ikiwa ni saa mbili usiku hadi saa kumi jioni ya kesho yake, hizo ni saa 20. Zikipita 18, mweke juu kwenye orodha.

Alipimwa njia mara ngapi? Uchungu ukishakolea, kipimo kimoja kila saa 4 kinatosha kwa kawaida. Kila mkono unaoingia, hata wenye glavu safi, husukuma viini vya chini kwenda juu. Vipimo vingi baada ya chupa kupasuka ndivyo vibaya zaidi.

Kondo la nyuma lilitoka lenyewe? Hili usilisahau kamwe. Likitolewa kwa mkono, mkono umefika hadi ndani ya mfuko. Likibaki kipande, kile kipande kinaoza, na mfuko haunywei vizuri.

Kisha kuchanika. Kuchanika kidogo kukishonwa vizuri hakunitishi. Kunakofika msuli wa haja kubwa, yaani daraja la 3 na la 4, kunatisha, kwa sababu choo kiko jirani na kidonda.

Tabibu_Eastlands
Niongeze upande wa mwili wa mama, maana wawili wanaweza kupitia leba ileile na mmoja tu akaugua. Tafuta kiwango cha damu kijitabuni. Mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwenye damu pungufu aliyevuja zaidi ya mililita 500 wakati wa kujifungua hana akiba ya kupigana. Mwenye kisukari, mwenye virusi vya ukimwi ambaye virusi havijashuka, na msichana mdogo asiyekula vizuri, wote wanasogea mbele. Madhara ya unene mkubwa huonekana zaidi kwenye mshono wa tumbo: mafuta hayana damu nyingi na mkunjo hukaa na unyevu.

Amoksilini kwa kila mtu: hapana. Shirika la Afya Duniani halipendekezi antibiotiki kwa aliyejifungua kawaida bila tatizo, wala kwa sababu tu aliongezewa njia. Inapendekezwa kabla ya kisu cha upasuaji kugusa ngozi, kondo likitolewa kwa mkono, na kwa kuchanika kwa daraja la 3 na 4. Kuna utafiti uliochapishwa 2023, uliohusisha Kenya pia, ambapo kumeza azithromaisini gramu 2 mara moja wakati wa uchungu kulipunguza maambukizi mazito ya wazazi kwa takriban theluthi. Lakini hiyo ni dozi ya leba, ikitolewa na wahudumu. Vidonge vya rejareja kutoka duka la dawa mtaani vinazima homa nusu, na mama anachelewa kufika.

Mhudumu_Kayole
Asanteni sana. Na maji ya moto yenye chumvi ya kukalia? Mama wakwe wanasisitiza, na maji yenyewe ni ya kununua kwa mtungi.

Mkunga_Mstaafu
Usigombane na mama mkwe kwa chumvi. Pigania usafi wa maji. Chumvi haiongezi lolote la maana, na maji ya moto sana huunguza ngozi iliyo laini. Maji yachemshwe, yapoe hadi vuguvugu, yamiminwe kutoka kwenye jagi, mbele kwenda nyuma, kila baada ya choo. Beseni la kufulia nepi lisitumike. Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Anawe mikono kabla ya kugusa pedi na baada, si baada pekee, hasa kama kuna mtoto nyumbani anayeumwa koo: bakteria ileile ya koo inaweza kupanda kizazini na kumwangusha mzazi kwa siku moja. Mitishamba ya kuingiza ndani, hapana kabisa.

Mshono wa tumbo ukae mkavu. Kidonda cha upasuaji mara nyingi huharibika kati ya siku ya 4 na ya 7, mama akiwa tayari nyumbani, kwa hivyo ziara ya siku ya 5 ina faida kuliko ya siku ya 2.

Tabibu_Eastlands
Ukifika, beba kipimajoto na saa. Joto la 38 au zaidi, mpigo wa moyo unaobaki juu ya 100 akiwa ametulia, pumzi zinazofika 25 kwa dakika, kutetemeka, kuchanganyikiwa: lolote kati ya hayo ni gari leo, si kesho asubuhi. Usingoje damu itoe harufu mbaya. Maambukizi ya ile bakteria ya koo yanaweza kuwa makali bila harufu yoyote.

Gusa tumbo pia. Siku ya kwanza mfuko huwa karibu na kitovu, kisha hushuka kama kidole kimoja kwa siku. Siku ya 6 ukiukuta bado kitovuni, laini, na mama anaruka ukiubonyeza, fikiria kipande cha kondo. Angalia matiti na umuulize kuhusu mkojo kabla hujalaumu kizazi, na kama ametoka Busia au Kisumu karibuni, malaria ipimwe. Lakini kipimo hicho kifanywe hukohuko hospitali, asicheleweshwe mtaani akisubiri majibu.

Na endelea hadi siku ya 42, si hadi arobaini ya sherehe tu.