Jogoo wa kuchi wa marehemu mjomba: nimuuze au nimwache? Naombeni ushauri wakuu

Mkorosho Mkongwe (mleta mada)
Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa.

Niko Nyangao, halmashauri ya Mtama, mkoani Lindi. Kazi yangu korosho, ufuta kidogo na kuku. Katika kuku hao nina jogoo mmoja wa kuchi, ile aina ya kuku wa kienyeji. Ni mbegu ya mjomba wangu, alikuwa nayo tangu mimi sijapata akili, na alipofariki ilibaki mikononi mwangu. Ni kuchi hasa, si hawa wa kuchanganya: shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda kama wa kasuku, kilemba kidogo kimelala kichwani, manyoya machache yamembana mwilini, na akisimama anasimama wima. Hapa kijijini simjui mwingine mwenye mbegu hii.

Sasa kuna mtu wa Dar anamtaka, na bei yake si ya kawaida kwa kuku. Nyumbani wote wanasema niuze. Mimi usingizi umepotea. Nikimtoa jogoo, mbegu itaendelea kwa mitetea na vijogoo waliobaki? Au nimwache? Naombeni mawazo.

Baba Tenga
Uza leo hii. Kideri, huu ugonjwa unaomaliza kuku, hakiulizi kuku wa mjomba wala wa shangazi. Mimi nilikuwa na bata mzinga hapa Mikindani, jike na dume, nikakataa hela nzuri ya mtu wa hoteli. Wiki haikuisha wote chali. Hela hiyo naiota mpaka leo.

Mama Shani wa Newala
Usiuze mwanangu. Mama yetu alikuwa na bukini, wale kuku wasio na mkia, na kishingo pia, wale wa shingo tupu. Tukawaona wa kizamani tu. Wajukuu walipokuja likizo tukachinja, mgeni akija tukachinja. Leo ukimwambia mtoto kuna kuku asiye na mkia anadhani umemkata. Nimeulizia mpaka Tandahimba, hakuna. Kitu kikiisha kimeisha, hela itakuja nyingine.

Dogo wa Ligula
Kwani kuchi mmoja anatoa supu ya watu wangapi? Nauliza tu wakuu, msinipige.

Banda Bora
Mleta mada, umeuliza vizuri ila umebania taarifa. Nisaidie haya kwanza. Jogoo ana umri gani? Hao mitetea ulipata wapi? Na vijogoo baba yao nani?

Mkorosho Mkongwe
Jogoo ni mtu mzima, vikucha vya nyuma ya mguu vimeshakuwa virefu na vimeanza kupinda. Mitetea ni wa humuhumu nyumbani. Bei aliyotaja ni laki tatu na nusu.

Banda Bora
"Wa humuhumu nyumbani" ndiyo nini kaka? Ni binti zake?

Mkorosho Mkongwe
Ndiyo, ni wa uzao wake. Lakini mjomba alifuga hivyohivyo miaka yote na kuku wakawepo. Nikichanganya na kuku wa nje nitakuwa nimeiharibu mbegu, na hilo ndilo alilonikataza. Vifaranga wanatoka, isipokuwa mara hizi za karibuni mayai viza yamekuwa mengi na wengine wanatoka vidole vimejikunja. Nafikiri ni joto.

Banda Bora
Sidhani ni joto. Baba akimpanda binti yake, kwa kila chembe ya urithi kifaranga ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili zilezile, zote kutoka kwa jogoo huyohuyo, na kila kilema kilichojificha kwenye damu kinapata mlango wa kutokea. Kaka na dada wa baba na mama mmoja wakipandana, ni 25 ileile. Na hiyo ni hesabu ya kuanzia kwa wazazi wasio na undugu, kwako undugu umeshajirundika. Dalili zake ni mayai viza mengi, vifaranga dhaifu au wenye kilema, na utagaji kushuka, na nyingine umeshazitaja mwenyewe. Kuchi kwa asili hatagi sana, kwa hiyo huna mayai ya kupoteza.

Maana yake swali lako la kuuza au kutouza haligusi ugonjwa. Ukimwacha jogoo mbegu inakufa taratibu, ukimuuza ukabaki na wanawe na dada zao inakufa vilevile. Unachohitaji ni kuchi wa damu nyingine.

Mwalimu Mstaafu Masasi
Vijana, kabla ya damu kuna jambo. Mtu wa Dar anatoa laki tatu na nusu ya jogoo mzee ili iweje? Wengi wanawatafuta kuchi wawapiganishe. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kupiganisha wanyama ni ukatili. Mjomba wako angefurahi jogoo wake afe akitoka damu, watu wanahesabu hela za kamari?

Mkorosho Mkongwe
Shikamoo mwalimu. Huyo wa Dar aliniambia ni wa kufuga. Siwezi kuingia moyoni mwake.

Salma Rondo
Samahani kaka yangu, naona unajibu kama mtu ambaye ameshamaliza jambo. Umeshapokea kitu?

Mkorosho Mkongwe
Dada Salma umeuliza, sitaficha. Nimepokea laki na nusu ya kutangulia. Lakini naomba mnielewe. Mikorosho ilikuwa inatoa maua na ubwiriunga, ukungu unaoharibu maua ya korosho, umeshaingia kwa jirani. Ubwiriunga haungoji. Salfa nilikuwa nayo, hela ya mpuliziaji sikuwa nayo, na minada ya korosho haianzi mpaka Oktoba. Ningeliacha shamba likose korosho kwa ajili ya kuku? Hela nilimlipa mpuliziaji siku ileile. Na sikusema nauza jumla, nilimwambia aje aone kwanza.

Baba Tenga
Umekula hela ya mtu halafu unatuuliza nimuuze au nimwache! Ahadi ni deni kaka. Mfungie jogoo ndani ya tenga, mpandishe basi.

Mama Shani wa Newala
Msimseme. Nani humu hajawahi kubanwa na msimu wa kupuliza? Korosho ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari. Hela inarudishwa, baba.

Pweza Kilwa
Ngojeni kidogo. Mimi hii nanusa chai, hadithi ya kutunga. Marehemu mjomba, jogoo wa mwisho kijijini, tajiri wa Dar, machozi. Uzi wa namna hii niliwahi kuusoma, wakati huo jogoo alikuwa wa babu na ilikuwa Tanga. Watu walipolainika mleta mada akaanza kuuza mayai ya "mbegu adimu" kwa elfu kumi kumi, na waliototolesha wakapata chotara. Hapa bei imeshatajwa, sifa zimeshatajwa, bado namba ya simu tu.

Dogo wa Ligula
Uzi bila picha, kuku bila manyoya. Weka picha kaka.

Baba Tenga
Mimi nilishaanza kumpa ushauri wa nauli ya basi kumbe ni chai! Pweza umetuamsha.

Mkorosho Mkongwe
Inaniuma, lakini sawa. Sina yai la kuuza, na hata mtu akija na elfu hamsini ya yai moja sitampa, kwa sababu yanayototoka hayanitoshi mwenyewe. Sijaweka namba na sitaweka. Nimepandisha picha mbili, moja ya jogoo amesimama chini ya mkorosho leo jioni, nyingine mtetea mmoja na kifaranga mwenye vidole vilivyojikunja. Mtu anayetangaza biashara hawezi kuonyesha kilema.

Banda Bora
Nimeziangalia. Pweza una haki ya kuuliza, maana kilemba kile kidogo cha kuchi kina nguvu ya kurithiwa: ukimpandisha kuchi kwa kuku wa kawaida, chotara wengi wanatoka nacho, na mnunuzi anayeangalia kichwa tu anapigwa. Ila huyu mtazame mwili mzima. Ule wima wake, mifupa ya miguu, na mabega yaliyochomoza hayapatikani kwa chotara wa mara moja. Na vidole vya kifaranga vimejieleza. Vidole kujikunja huletwa pia na upungufu wa vitamini B2, kwa hiyo mleta mada wape mitetea majani mabichi na dagaa kila siku wakati tunashughulikia damu. Mimi namwamini.

Pweza Kilwa
Vidole vile siwezi kubishana navyo. Naondoa neno chai. Kuhusu tajiri bado nina shaka naye.

Salma Rondo
Kaka Banda Bora, sasa afanye nini hasa? Maana akileta damu ya nje anasema mbegu imeharibika.

Banda Bora
Damu ya nje ya kuchi mwingine halisi haiharibu kuchi. Kinachoharibu ni kuku wa kisasa kama kuroila na sasso.

Afanye familia tatu, kila moja na banda lake au hata uzio wa mianzi. Kifaranga wa kike anabaki familia ya mama yake maisha yote. Kijogoo akikua anahama: wa kwanza aende kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu arudi kwa wa kwanza. Sisi Wamwera hatuhitaji kufundishwa hili, ukoo ni wa mama na kijana wa kiume anakwenda kukaa ukweni. Mjomba wako aliishi hivyo kwa watu, kwa kuku tu ndiyo hakufanya. Ukienda hivyo undugu unapanda polepole zaidi.

Na lingine ambalo wengi hawalijui: mtetea anatunza mbegu ya jogoo tumboni. Jogoo akiondoka leo, mayai ya wiki mbili hivi mbele bado yana uhai. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo usiseme kifaranga ni wa jogoo mpya mpaka wiki tatu zipite. Mayai ya kuatamiwa yasilale zaidi ya siku saba, na usimpe kuchi mwenyewe ayaatamie kama ni mzito, atayavunja. Mpe mtetea mdogo wa kienyeji.

Mkorosho Mkongwe
Nimekuelewa kaka, na mfano wa ukoo umeniingia. Lakini huyo kuchi wa damu nyingine namtoa wapi?

Mwalimu Mstaafu Masasi
Kwangu. Sikutaka kusema mapema kwa sababu nilitaka nione kama wewe ni mfugaji au mfanyabiashara. Ninao wachache, mbegu yao ilitoka Mwanza, nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nitakupa kijogoo na mtetea, wewe unipe mitetea wawili. Hela sitaki.

Baba Tenga
Mwalimu, na ile laki na nusu ya watu?

Mkorosho Mkongwe
Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia jogoo haendi, hela atapata mnada wa kwanza ukilipa. Ametukana. Baadaye akasema anataka riba. Riba sitampa, hela yake nitamrudishia yote. Mama watoto ananuna, anasema nimekataa laki mbili za mkononi kwa ajili ya mdomo uliopinda.

Mama Shani wa Newala
Atanyamaza vifaranga wakitoka wazima. Mwalimu, kwako kuna bukini?

Mwalimu Mstaafu Masasi
Bukini sina mama, nitaulizia Nachingwea. Kijana, njoo Jumamosi, shuka stendi ya Masasi. Wabebe kwenye tenga, usiwafunge miguu kwa kamba. Wangu wamechanjwa kideri kwa matone ya jicho, na narudia kila miezi mitatu. Wako je?

Mkorosho Mkongwe
Msimu huu bado, mwalimu.

Mwalimu Mstaafu Masasi
Basi Jumamosi hii usije. Chanja kwanza, subiri wiki mbili kinga ishike. Na wangu ukifika nao nyumbani wakae peke yao wiki mbili nyingine kabla hujawachanganya na jogoo wa mjomba.