Mrejesho: manju za Ikaho zimefika, ila si zote

Niliuliza jinsi ya kubeba manju, vile vikate vya mvuke vyenye azuki (maharagwe madogo mekundu) tamu ndani, kutoka chemchemi za Ikaho, Japani. Asanteni sana wakuu.

Ushauri wa kusoma tarehe ndio ulioniokoa: 消費期限 (mwisho wa kula kwa usalama) ukipita usile, 賞味期限 (mwisho wa ladha bora) ni ubora tu. Vya moto vililiwa papo hapo. Nilibeba vilivyofungwa kimojakimoja.

Vya friza, kila kimoja ndani ya plastiki, vililainika tena kwa mvuke. Vya friji ya kawaida vilikakamaa, maana baridi ile hukaza wanga. Na maikrowevu bila karatasi yenye unyevu? Ngozi ikawa mpira. Hivyo nimevila mwenyewe, havikufaa kuwa zawadi.