Ukoo wa Bibi, Muheza: mchango wa Rehema

JUMATATU

Zawadi 06:12
Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Shule wamefunga Ijumaa, ripoti ya Rehema ninayo. Hesabu 46! Januari alianza na 11. Kiingereza 58. Msinyamaze kama mwezi uliopita.

Zawadi 06:14
[Picha]

Zawadi 06:21
Nimepitia madaftari yote. La Februari swali la 4: Find the product of 12 and 15. Mtoto kaandika "soap". Kuzidisha anajua, ila neno hilo alifundishwa ni bidhaa! KDS, kigawe kidogo cha shirika, darasa la sita alikuwa anaikokotoa hata usingizini, kidato cha kwanza ikamjia kwa jina la LCM akaikimbia. Sasa tazameni kurasa za nyuma, kapiga mstari katikati: huku neno la Kiingereza, huku zao, baki, sehemu, kipeo. Kurasa tisa. Hakuna aliyemtuma.

Salum 06:40
😂😂 12 mara 15 sabuni ya kipande au ya unga?

Salum 06:41
Simba leo saa ngapi?

Zawadi 06:43
Salum! C inaanzia 45, huyu kaning'inia ukingoni. Januari kidato cha pili, Novemba mtihani wa taifa. Mwalimu wa tuisheni anataka 60,000 likizo nzima, hesabu na Kiingereza, saa mbili mpaka saa sita. Ukimtoa Bibi tuko kumi. 6,000 kila mtu, wa Muscat aongeze. Tumeni na ya kutolea.

Mama Rehema 11:52
Shikamoo wifi. Mungu akulipe. Nimetuma. Mwenyewe anaamka saa kumi alfajiri, taa ya simu yangu ndiyo anasomea.

Zawadi 11:53
Marahaba wifi. Imefika. Wengine?

Zawadi 12:48
Wengine??

Mwanaisha 13:05
Dada, mimi na kaka Juma tulishaongea. Rehema anakuja kwangu Mbagala. Dada wa kazi kaondoka, mtoto ana miezi minne. Aje na vitabu vyake.

Zawadi 13:06
Atasoma na mtoto mgongoni?

Mwanaisha 13:09
Mbona wewe ulilea kwa mama mkubwa na hukufa.

Zawadi 13:17
Sikufa. Nilipelekwa likizo ya mwezi mmoja, ikawa miaka minne. Nilikuwa kidato cha pili. Ada akalipiwa Juma, mimi nikaambiwa hesabu za kuuzia machungwa zinanitosha. Hilo daftari mnaloliona nimelisoma na kamusi pembeni.

Juma 13:20
Ujumbe huu umefutwa

Salum 13:31
Machungwa huko gunia bei gani sasa hivi?

Asha 20:34
Shikamooni. Bibi kasomewa yote. Anasema niandike kama anavyotamka: "Zawadi nilimtoa mimi, si baba yenu. Nilimwahidi shule ikifunguliwa atarudi. Nikaona kwa dada yangu kazi zinakwenda, nikanyamaza. Rehema haendi kulea. Mwanaisha mwanangu, njoo na mtoto wako huku, nitamlea mimi."

Zawadi 21:15
Shikamoo mama.

Salum 21:22
Dada nimetuma 10,000 na ya kutolea. Samahani ya asubuhi.

Juma 21:58
Tumekusikia mama. Ila tiketi ya Alhamisi nilishamkatia.

Zawadi 21:59
Tiketi inarudishwa kaka.

Juma 22:10
Niongee na Mwanaisha kwanza.

JUMANNE

Zawadi 06:05
Salum 10,000. Mama Rehema 6,000. Mimi 15,000. Jumla 31,000, bado 29,000. Mwalimu anaanza kesho, nimemwomba apokee nusu. Kaka Juma, tiketi vipi? Mwanaisha, Bibi anauliza unakuja siku gani atandike kile chumba cha uani.

Zawadi 09:30
Kaka Juma?

Said Muscat 14:47
Ndio naona sasa hivi, nilikuwa kazini. Mama shikamoo. Natuma jioni inshallah. Rehema ndiye yule mrefu aliyenipokea begi msibani?