Swila chini ya kitanda cha mtoto: Mbudha aue au asiue?

Mtokambali: Wakuu, ahadi ya kwanza ya Mbudha ni kujizuia kuua chochote chenye uhai. Sawa. Sasa swila amejikunja chini ya kitanda cha mtoto. Baba afanyeje? Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Kwangu mimi, kumwacha nyoka hapo ni kumtoa mtoto kafara. Watawa wanaohubiri haya hawana watoto wa kulea.

Kipanga_Mweusi: Hilo la watoto limenichoma. Budha mwenyewe alikuwa na mwana, Rahula. Na habari za nyoka alizijua vizuri: mtawa aliumwa akafa, naye akawafundisha waliobaki wazitakie mema koo nne za kifalme za nyoka. Hakuwapa fimbo.

Mtokambali: Lakini ndugu yangu, mtawa alikufa! Hapo umenitetea mimi.

Kipanga_Mweusi: Na tembo Nalagiri je? Devadatta, binamu na mpinzani wa Budha, alimwachia njiani katika mji wa Rajagaha ili amkanyage Budha. Budha alimtuliza kwa upendo mtupu.

Mtokambali: Huyo ni Budha. Mimi nauliza habari za baba.

Bi_Tulivu: Mnaigeuza ahadi kuwa amri. Hakuna aliyeamrishwa, mtu anasema mwenyewe, "najifunga kujizuia". Na kuua kunahesabiwa kwa mambo matano: kiumbe kipo, unajua kipo, umekusudia kukiua, umefanya tendo, kimekufa. Ondoa kusudi, uzito wote unabadilika. Hata kanuni za watawa zinasema aliyebanwa, akapiga ili ajinasue tu, hana kosa. Mtawa akiua mtu, utawa wake umekwisha. Akiua mnyama kwa makusudi, anaungama. Ngazi zipo. Baba amtoe mtoto kwanza, mengine baadaye.

Ngalawa77: Upendo kwa wanyama? Mmesahau lile hekalu la chui kule Thailand? Mwaka 2016 serikali ilikuta watoto wa chui 40 wamekufa, wamo kwenye friza.

Kipanga_Mweusi: Si chui, ni simbamarara. Chui ana madoa. Mtu asiyejua mnyama gani anazungumziwa asitufundishe dini.

Ngalawa77: Milia au madoa, walikuwa 40. Na wazima 137 waliondolewa hapo. Jibu hilo.

Kipanga_Mweusi: Hekalu moja si Ubudha wote. Waumini wangapi wanalala njaa lakini wanaachia samaki hai majini ili waokoke? Unatutukana sote.

Ngalawa77: Nimetaja friza, sijamtukana mtu.

Mtokambali: Jamani, swila wangu bado yuko chini ya kitanda.

Bi_Tulivu: Basi nisikilize, kaka. Ahadi hii nimeishika miaka 11. Siku moja nyoka aliingia, mwanangu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, mlango uko upande wa nyoka. Nilimpiga mpaka akafa. Sikuhesabu mambo matano. Usiku ule mikono ilinitetemeka, na sitaki mtu aniambie haikuwa kuua. Ilikuwa.

Mtokambali: Kwa hiyo dada, uliivunja.

Bi_Tulivu: Niliivunja. Asubuhi nikaichukua upya, maneno yale yale. Na tangu siku hiyo mlangoni pangu kuna fimbo ndefu ya ndoano na ndoo yenye kifuniko, ili nisirudie.

Kipanga_Mweusi: Ungeanza na ndoo, dada.

Bi_Tulivu: Wewe hukuwepo.

Ngalawa77: Habari ya friza bado hamjanijibu.