MJADALA: Mabinti wamejaa vyuoni sawa, ila wanaomba kozi gani na nani anawachagulia?

Habari zenu wadau. Toka matokeo ya form six yatoke huu mjadala unazunguka kwenye magrupu ya hapa Mbeya na hoja ya kaka zangu wengi ni moja, kwamba habari ya mtoto wa kike imeshapitwa na wakati, Rais ni mwanamke, Tulia Ackson ametoka hapo Rungwe tu akafika kuwa Spika wa Bunge, vyuoni mabinti kibao, wa kuhurumiwa sasa hivi ni mtoto wa kiume aliyeishia kwenye bodaboda au kwenye mashimo ya dhahabu kule Chunya. Kuna mmoja akamalizia kabisa kwamba kama wasichana hawaombi uinjinia maana yake hawautaki, tuwaache na wanachokipenda.

Hapo kwenye "hawautaki" ndo nimeshindwa kukaa kimya. Mi nina steshenari Mwanjelwa na kila dirisha la udahili likifunguliwa hawa watoto wanapita mezani kwangu. Toka 2017 TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, walipoachana na ule mfumo wa kuombea sehemu moja, kila mtu anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachotaka, kwa hiyo kila chuo kina akaunti yake, kontro namba yake na hela yake ya maombi, na mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Umalila laptop ataitoa wapi, anakuja kwetu na cheti chake cha form four kwenye bahasha ya kaki tunamjazia. Kwa hiyo mi naona kabisa nani anachagua nini, na naona pia nani anachagua kwa niaba ya nani.

Mwaka jana alikuja binti amesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), ana C ya fizikia, C ya kemia na D ya hesabu. Nikamuuliza umeshapanga kozi, akasema anataka uinjinia wa umeme, akasema kwa sauti ya chini kama anaomba ruhusa, halafu akatoa simu kumpigia baba yake na akanipa mimi niongee naye. Mzee akaniambia we dada mwekee ualimu, chuo cha kwanza ualimu, cha pili ualimu, hata Mkwawa kule Iringa sawa tu maana shangazi yake yupo pale atamwangalia. Nikamwambia mzee binti yako ana sifa za kuomba uinjinia, MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, ipo hapa hapa Iyunga wala hahitaji kuvuka mkoa, akanijibu sasa mtoto wa kike akapande nguzo za umeme halafu aolewe na nani. Binti amesimama hapo hapo anasikia kila kitu maana simu ilikuwa loudspika. Nikajaza ualimu. Na siku ile ile nimemjazia kijana wa kiume mwenye D mbili na C moja, mama yake amekaa pembeni anasema weka uinjinia kote, akikosa tutajua mbele ya safari.

Sasa mtu wa takwimu akija kuhesabu atamuona yule binti kama msichana mmoja zaidi aliyeingia chuo kikuu, tunapiga makofi. Na ataonekana amechagua mwenyewe.

Naomba nieleweke, siudharau ualimu, mi mwenyewe nimefika hapa kwa sababu ya walimu. Ila wazazi wanausukuma kwa mabinti wakiamini ajira ipo na hiyo ajira ya uhakika haipo tena, walimu wenye digrii wako mtaani miaka na miaka wanasubiri nafasi zitangazwe, wengine wanauza nguo hapo Kabwe na cheti kipo kabatini. Kwa hiyo hata hesabu ya mzee mwenyewe ya kumlinda binti yake haikai sawa.

Halafu tusijidanganye kwamba tatizo linaanzia kwenye kuomba chuo. Kwangu mimi wanafika wale waliobaki. Angalia miaka hii ya karibuni, kidato cha nne wasichana wanaofanya mtihani ni wengi kuliko wavulana, ukifika kidato cha sita wavulana ndo wanakuwa wengi. Wameishia wapi hapo katikati? Wengine wameenda vyuo vya kati kusomea unesi na ualimu, sawa, hiyo nayo ni njia, ila wengine tunawajua na tunanyamaza tu kwa aibu, kwa sababu ni huku huku kwetu Iringa na Njombe ambako watu wa Dar wanapiga simu kutafuta dada wa kazi, na mtoto amemaliza form four na divisheni foo yake anapandishwa basi la alfajiri, familia inasema amepata kazi.

Na kabla ya hapo kuna form three ambapo mtoto anaamua sayansi au atsi. Shule zetu za kata nyingi mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa shule nzima, pengine hayupo kabisa, na zile maabara tulizochangishwa enzi za Kikwete nyingine mpaka leo ni jengo tu. Hiyo inamuumiza mvulana na msichana wote, nakubali. Ila mwangalie anayekaa geto. Huku kwetu shule ipo mbali mtoto anapangishiwa chumba karibu na shule, anajipikia, mzazi anamletea unga na viazi mwisho wa wiki. Mvulana wa geto jioni anaenda diskasheni kwa wenzake mpaka saa nne usiku anarudi, hakuna anayemuuliza. Msichana akitoka saa mbili ameshaitwa malaya, akibaki ndani wanaomgongea mlango wanajulikana, na fizikia huwezi kuisoma peke yako kwa daftari la kukopi wakati mwalimu hayupo. Basi anachagua atsi kwa sababu historia anaweza kujisomea mwenyewe chumbani. Halafu miaka mitatu minne mbele tunakaa tunasema wasichana hawapendi sayansi!

Na akipata mimba, mnakumbuka 2017 kauli ya Rais Magufuli ilikuwa hakuna kurudi shule. Mpaka Novemba 2021 ndo serikali ikaruhusu warudi. Waliokatika kwenye hiyo miaka minne wangekuwa vyuoni saa hizi, na wapo, wana majina, wanauza mbogamboga sokoni.

Kaka uliyeandika kuhusu vijana wa kiume, hoja yako ya Chunya ni ya kweli na inaniuma, wapo wanafunzi wanaacha shule form two wanaenda kwenye mashimo na tunawapoteza. Ifungulie mjadala wake nitakuja kuchangia. Ila kijana kupotelea Chunya hakumfanyi binti awe ameshafika, hao ni watoto wawili tofauti na wote ni wetu.

Mi naamini inawezekana kwa sababu imeshafanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwenye uinjinia kuanzia 2004 walikuwa wanawachukua wasichana ambao alama zao zimepungua kidogo, wanawanoa kwanza, wanawapa mtihani, wakifaulu wanaingia mwaka wa kwanza, na idadi ya mabinti kwenye uinjinia pale ikapanda. Sasa hivi kuna Samia Skolashipu kwa wanaofanya vizuri sana sayansi form six, kuna mpango wa shule za bweni za wasichana za sayansi kila mkoa. Nzuri sana, hizi nazisifu bila kinyongo. Ila skolashipu inamkuta aliyeshafaulu, na shule moja kwa mkoa mzima haimfikii binti wa geto kule Makete. Huyo anahitaji hosteli kwenye hiyo hiyo shule yake ya kata, na mwalimu wa fizikia anayekaa pale, na mtu wa kuongea na baba yake akiwa bado form two, asisubiri mi nije kubishana naye kwenye simu ya loudspika wakati dirisha linakaribia kufungwa.

Na kuna hii mitaala mipya yenye mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, naiogopa kidogo. Tusipoangalia tutakuta wasichana wote wamepelekwa ushonaji na mapishi, wavulana umeme na ufundi magari, halafu tutaambiwa tena kwamba walichagua wenyewe.

Walimu mlioko Mbozi, Rungwe, Mufindi, Makete naomba mje mtuambie, form three kwenu mnagawaje watoto, mnawauliza wao, mnaangalia matokeo ya form two au mkuu wa shule ndo anapanga? Na wazazi ambao mabinti zenu wameomba uinjinia au jiolojia semeni ilikuwaje nyumbani. Kaka wa "hawautaki" na wewe karibu, ila utuambie umemuuliza binti gani.