Nimeruhusiwa kunukuu, ila anayenitengenezea ufunguo ni mhalifu?

Wakuu, mnivumilie, leo nimechefukwa.

Nina kitabu cha kielektroniki nilichonunua kwa pesa yangu, risiti ninayo kwenye imeli. Nimebadilisha kompyuta, kukifungua naambiwa kifaa hakijaidhinishwa. Baada ya kuhangaika siku mbili kikafunguka, lakini kitufe cha kunakili kimezimwa, cha kuchapisha kimezimwa, mpaka cha kusomewa kwa sauti kimezimwa! Nilikuwa nataka aya mbili tu za kunukuu kwenye uhakiki ninaouandika. Nikaishia kupiga picha kioo kwa simu, halafu nikachapa upya neno kwa neno kama karani wa taipureta.

Huduma kwa wateja wakanitumia kiungo cha masharti. Nikayasoma yote (ndiyo, yupo mtu mmoja duniani aliyeyasoma). Yanaegemea sheria ya Marekani, nikaenda kuisoma nayo. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Sheria ya hakimiliki ya huko ya 1976, kifungu cha 107, inatambua matumizi ya haki: kunukuu, kuhakiki, kufundisha, kutafiti. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikasema hata kurekodi kipindi cha televisheni ukitazame baadaye si kosa, na anayeuza mashine ya kurekodia hana hatia maana ina matumizi mengi halali. Safi. Kisha 1998 ikaja DMCA, sheria ya hakimiliki ya zama za kidijitali. Kifungu chake cha 1201 hakiulizi umenakili nini wala kwa nini, kinauliza umegusa kufuli, yaani ule ulinzi wa kidijitali unaozuia kufungua au kunakili? Kulivunja ni kosa, kutengeneza au kuuza zana ya kulivunja ni kosa jingine. Ukifanya kwa makusudi na kwa kutafuta faida, kosa la kwanza tu ni jela hadi miaka 5 na faini hadi dola 500,000.

Najua kuna mtu anakuja kuniambia misamaha ipo. Ipo, ndiyo. Kila miaka 3 Mkutubi wa Bunge la Marekani hutangaza nani avunje kufuli lipi, na wasioona wamo kwa upande wa vitabu. Ila msamaha huo ni wa tendo la kuvunja, zana haimo. Sasa asiyeona afanyeje, ajiandikie programu mwenyewe?

Aliyeandika programu ya namna hiyo tunamjua yaliyomkuta. Dmitry Sklyarov, Mrusi, mwajiriwa wa ElcomSoft ya Moscow. Programu yao ilikuwa inaondoa kufuli kwenye vitabu vya kielektroniki vya Adobe, tena vile ulivyonunua kihalali. Kwao Urusi haikuwa kosa. Julai 2001 akaenda Las Vegas kutoa mada kuhusu udhaifu wa makufuli hayo, na tarehe 16, akijiandaa kurudi kwa mke na watoto wake wadogo, FBI wakamkamata. Adobe ndio waliolalamika. Wiki moja baadaye, watu wakiandamana, Adobe wakasema hawataki tena ashtakiwe. Serikali ikaziba masikio. Akakaa ndani wiki 3 hivi, akatoka kwa dhamana ya dola 50,000, na ilipofika Desemba ndipo akaruhusiwa kurudi kwao, kwa sharti la kutoa ushahidi. Kesi ikabaki kwa kampuni, na Desemba 2002 baraza la mahakama kule San Jose likaiachia huru.

Haya, wameshinda. Nani alimlipa miezi yake? Na programu ngapi hazikuandikwa kabisa kwa sababu mtu alitazama yaliyompata mwenzake akafunga kompyuta akalala?

Msiniambie natetea maharamia. Mwandishi alipwe, mimi nimemlipa. Haramia yeye hata hajui kama kufuli lipo, nakala yake ilishavuliwa nguo zamani, anasoma kwenye kifaa chochote anachotaka. Anayepambana na kufuli ni mjinga mwenye risiti.

Na kabla hujaniandikia "wasiliana na muuzaji", nimewasiliana mara tatu. Jibu la tatu ni lile lile la kwanza, hata jina langu wamelikosea palepale.