Tupeane uzoefu: leseni ya SDK iliyowahi kukukwamishia bildi

Wakuu, salama? Mtu akijenga programu ya simu kwa mkono, akiulizwa kama anakubali leseni ya SDK (zana za kujengea programu) anabofya na maisha yanaendelea. Seva inayojenga yenyewe, yaani kufanya bildi, haina kidole. Leteni visa vyenu, mimi naanza.

Nilipandisha compileSdk, yaani toleo la Android SDK la kujengea, kutoka 33 kwenda 34. Kwenye kompyuta yangu shwari, nikasukuma msimbo, nikalala. Asubuhi bildi nyekundu: Gradle, zana inayojenga programu, imeshindwa kusakinisha platforms;android-34 kwa sababu kuna leseni hazijakubaliwa. Nikabaki nashangaa, mbona jana ilipita? Kumbe aliyeandaa ile seva alinakili SDK yenye toleo la 33 akaiacha folda ya licenses alikoitoa. Miezi yote hiyo hakuna aliyegundua, maana hakikuhitajika kifurushi kipya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukubali leseni ni faili tu. Ukijibu y, sdkmanager, zana ya kusakinisha SDK, inaandika faili la android-sdk-license ndani ya folda hiyo. Nililifungua nikitarajia jina langu au tarehe. Nikakuta mfuatano wa herufi na tarakimu 40, yaani SHA-1, alama inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi ya leseni. Gradle ikiikuta inashusha kifurushi yenyewe. Isipoikuta, inagoma. Sasa hivi yes | sdkmanager --licenses (amri ya yes inajibu y kila inapoulizwa) iko kwenye Dockerfile, faili la kuandaa mazingira ya bildi, kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi_Bomba
Mkuu, hiyo yes ilinitesa siku nzima. Skripti yetu inaanza na set -o pipefail. Leseni zote zinakubaliwa, naziona kwa macho yangu kwenye logi, halafu hatua inakufa na msimbo wa 141. Nikafuta SDK, nikashusha upya, yale yale.

Kumbe mkosaji ni yes yenyewe. Inamwaga y bila kukoma. Sdkmanager ikimaliza kazi inafunga bomba (ile alama |), yes inauawa kwa SIGPIPE, ambayo ni ishara namba 13. Jumlisha 128 ambayo shell huongeza upate 141. Bila pipefail hakuna anayejali ilivyokufa, ila ukiwa nayo bomba zima linahesabiwa limefeli. Niliizima kwa mstari ule mmoja tu kisha nikairudisha.

Msukuma_Kodi
Mimi leseni zilikubaliwa, ila kwenye SDK nyingine. ANDROID_HOME, kigezo kinachoonyesha SDK ilipo, inaelekeza huku, halafu kuna bwana mmoja kwenye timu alisukuma local.properties yenye sdk.dir inayoelekeza kule. Gradle inaliamini hilo faili kwanza. Likae kwenye .gitignore, orodha ya mafaili yasiyosukumwa, wadau.

Mvivu_Msomi
Naomba nitofautiane kidogo na mleta mada. Sisi hatukutumia yes kabisa, tuliweka faili la leseni kwenye hifadhi ya msimbo na skripti inalinakili. Faida yake ni kwamba historia inaonyesha nani aliliingiza na lini. Yes inakubali chochote kitakacholetwa, hata leseni ya toleo la majaribio ambayo huihitaji.

Ubaya wake? Maandishi ya leseni yakibadilika, alama inabadilika, na bildi inasimama. Imetukuta. Wenzangu walinuna, ila mimi naona ndivyo inavyotakiwa: mkataba umebadilika, mtu ausome.

Mleta mada
@Mvivu_Msomi na ulisoma?

Mvivu_Msomi
Nusu.

Tufaha_Chungu
Nyie wa Android mnadeka. Mac yetu ya kujengea ilisasishwa Xcode, zana za Apple za kujengea programu, usiku, asubuhi bildi zote zinafeli hata kabla ya kujenga, kwenye git clone, hatua ya kuvuta msimbo! Nikakagua funguo za SSH, nikakagua mtandao, nikamsumbua mtu wa seva. Mwisho nikaingia mwenyewe, nikaandika git status, ikanijibu habari za leseni ya Xcode. Git inayokuja na zana za Xcode nayo inagoma mpaka leseni ikubaliwe. Dawa ni sudo xcodebuild -license accept, na lazima uwe na haki za msimamizi. Mtumiaji wa bildi hana sudo, kwa hiyo sasa anayesasisha Xcode ndiye anayeiendesha hapo hapo.

Lakini hiyo ni afadhali. Kuna mkataba wa Apple Developer Program wenyewe, ukisasishwa anayeukubali ni mwenye akaunti peke yake, kwa kuingia kwenye tovuti. Hakuna amri, hakuna yes. Sisi mwenye akaunti ni bosi, alikuwa likizo na simu kazima. Bildi ya kijani kabisa, ipo mezani, na haipandi App Store.

Fundi_Bomba
Mkaisubiri?

Tufaha_Chungu
Siku nne.